Kukata Tawi Ulilokalia: Kuwasha na Kuzima Prosesi Kwenye Mtandao Mpana

Wenzangu mnaosoma mifumo endeshi muhula huu mmeshapita ile maabara ya kuua prosesi. Unafungua terminali, unaanzisha kijiprogramu kinachohesabu namba bila kikomo, unatafuta namba yake kwa amri ya ps, halafu unaitwanga kill -9. Imekufa. Darasa linacheka, mwalimu anapita na kalamu nyekundu, mnaenda kula. Mimi nilipata 9 kati ya 10 kwenye maabara ile, nikaenda field nikiamini kwamba habari ya kuwasha na kuzima prosesi nimeshaimaliza. (Kamusi inataka tuseme "mchakato". Sawa, ila maabara nzima inasema prosesi, na mimi naandika kama tunavyosema.)

Field yangu ilikuwa kwenye ofisi moja yenye makao makuu mjini na matawi mikoani. Matawi yanaunganishwa na mtandao mpana, yaani ule unaovuka miji, tofauti na huu wa hosteli unaoishia ukutani. Kila tawi lina ruta ndogo, nayo usiifikirie kama chombo cha ajabu: ni kompyuta ya Linux isiyo na kioo wala kibodi, imefungwa juu ya kabati la mafaili. Ukitaka kuigusa unaingia kwa SSH ukiwa makao makuu, kilomita mia kadhaa kutoka ilipo.

Jumanne moja, saa nne na robo asubuhi, msimamizi wangu, ambaye ofisi nzima ilimwita Injinia, aliniambia nibadilishe mstari mmoja kwenye faili la mipangilio la ruta ya tawi fulani, kisha "uizime na kuiwasha" huduma inayopanga njia. Akaenda kunywa chai. Nikabadilisha mstari. Nikahakiki mara mbili. Kisha nikaandika kama nilivyozoea maabara:

systemctl stop frr

Nikabonyeza Enter na kusubiri mstari wa amri urudi ili niandike start. Haukurudi. Nikabonyeza Enter tena. Kioo kimya. Nikajisemea labda mtandao unasuasua, nikasubiri dakika nzima nikiwa nimekunja mikono kama mtu mwenye subira. Ndipo simu ya mezani ikalia.

Hapo inabidi nisimamishe hadithi kidogo, maana bila kujua kilichokuwa kinaendelea ndani ya ile ruta, kisa hiki kitaonekana cha bahati mbaya tu.

FRR si prosesi moja, ni ukoo wa prosesi. Kila lugha ya kupanga njia ina prosesi yake: bgpd inazungumza BGP, ospfd inazungumza OSPF, na kadhalika. Hizi zinapiga soga na majirani, yaani ruta nyingine, na kujifunza mtandao upi uko upande gani. Lakini hakuna hata moja kati yao inayoandika njia hizo kwenye keneli. Wanampelekea mzee mmoja anayeitwa zebra, na yeye ndiye anayeziandika. Jina hilo ni pundamilia kweli: mradi ulianzishwa na Mjapani Kunihiro Ishiguro mwaka 1996 ukiitwa Zebra. Ulipodorora, watu wakauchukua na kuuita Quagga, jina la jamii ya pundamilia iliyotoweka, wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883. Mwaka 2017 waliojitenga na Quagga wakatoa FRR. Kwenye kioo chako leo bado utamkuta zebra akikimbia.

Sasa, ukiandika systemctl stop, prosesi namba 1, systemd, kwa kawaida inazitumia prosesi za huduma ishara namba 15, SIGTERM. Hiyo ni ombi: "tafadhali malizia ulichoshika uondoke." Kama prosesi haijaondoka, systemd kwa kawaida inangoja sekunde 90, kisha inatuma namba 9, SIGKILL, ambayo si ombi tena. Zebra ni mstaarabu. Akiombwa aondoke anafagia nyumba kwanza: anafuta kwenye keneli njia zote alizoziandika yeye. Na kati ya njia hizo ilikuwemo ile iliyokuwa inaiambia ruta ya tawi jinsi ya kurudisha pakiti kwenye meza yangu.

Kwa hiyo amri yangu ilifika, ikatekelezwa sawasawa bila hitilafu yoyote, na jibu la "tayari" likakosa barabara ya kurudia. Nilikuwa nimekalia tawi nililokuwa nalikata, kwa maana zote mbili za neno tawi.

Simu ilikuwa ya mama wa mapokezi wa huko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mtandao umekata? Watu wamejaa hapa mpaka nje."

Sikumwambia ni mimi. Nilimwambia "tunalishughulikia", sentensi ambayo kumbe watu wa TEHAMA wote wanaifahamu. Kisha nikapata wazo ambalo wakati ule lilionekana la kishujaa: ruta ikizimwa umeme na kuwashwa, kila kitu kitaanza upya chenyewe. Nikamwelekeza apande kwenye kiti, atafute kiboksi cheusi chenye taa za kijani juu ya kabati, achomoe waya wa umeme, ahesabu hadi kumi, achomeke. Akapanda. Akachomoa. Nikasikia sauti ya mwanamume kwa mbali: "Nani kazima printa?"

Injinia alirudi saa nne na dakika arobaini. Alitazama uso wangu kabla ya kutazama kioo.

"Dogo, umefanyaje?"

"Nimezima FRR ya tawi."

"Umezima, au umezima na kuwasha?"

Nikanyamaza. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa kwenye kiti changu, akaingia kwenye ruta ya makao makuu, na kutoka humo humo akaandika ssh pamoja na anwani fupi ambayo sikuwahi kuitumia: ile ya ncha ya pili ya kiungo chenyewe. Ikafunguka. Akaandika systemctl start frr. Baada ya muda mfupi njia zikarudi. Dakika 27 kwa jumla, na mimi nilikuwa tayari nimeanza kutafuta nauli ya basi kwenda huko.

Alivyofanya si uchawi. Keneli ina njia za aina mbili kuu: zile alizoandika zebra baada ya kuambiwa na bgpd au ospfd, na zile zinazotokana na waya wenyewe. Kama ruta mbili zimeunganishwa moja kwa moja na kila moja ina anwani yake kwenye kiungo kile, zinaonana hata kama hakuna prosesi yoyote ya kupanga njia inayoishi. Zebra hafuti hizo, si zake. Kutoka mezani kwangu nisingefika hata nikiitumia anwani ileile, kwa sababu pakiti ingefika lakini tawi lisingejua meza yangu iko wapi. Kutoka ruta ya makao makuu, jibu lina kwenda kwa jirani wa mlango wa pili tu. Tangu siku ile, kabla sijazima chochote mbali, nina anwani ya kiungo kwenye kikaratasi.

Halafu akaandika amri moja zaidi: systemctl is-enabled frr. Jibu: disabled. Akacheka peke yake. Nilichokuwa sijui ni kwamba start na enable ni mambo mawili. Start inawasha prosesi sasa hivi. Enable inamwambia systemd aiwashe kila mashine inapoamka. Mtu fulani aliwahi kuiwasha kwa mkono akaishia hapo, na kwa kuwa ruta haikuwahi kuzimika, hakuna aliyegundua. Yaani mama wa watu angefanikiwa kuzima kiboksi sahihi, ruta ingeamka ikiwa na afya njema na bila njia hata moja. Kila prosesi inayofanya kazi kwenye mashine isiyozimwa kwa mwaka mzima iwekeeni alama ya kuuliza.

Nilipotulia nilianza kufanya majaribio jioni, kwenye mashine pepe tatu ndani ya laptopu yangu, na hapa ndipo ile 9 kati ya 10 ilipoyeyuka. Maabara ilinifundisha kwamba prosesi ikifa, imekufa. Kwenye mtandao mpana swali kubwa zaidi ni majirani wameelewaje kifo hicho.

Ukiizima bgpd kwa SIGTERM, inamwaga kwanza. BGP ina ujumbe wa kuvunja mazungumzo unaoitwa Cease, na mwaka 2017 ilitoka kanuni, RFC 8203, ya kukuruhusu kuambatanisha sentensi fupi ya sababu ("matengenezo, tunarudi saa nane") unapofunga mazungumzo kwa amri ya msimamizi. Jirani anapokea, anafuta njia zako mara moja, anatafuta nyingine.

Ukiiua kwa -9, haisemi lolote, haina hata nafasi ya kuvuta pumzi. Lakini keneli iko hai, na keneli ndiyo inayofunga mlango wa TCP kwa niaba ya marehemu. Jirani anaona mlango umefungwa, anajua mara moja. Na hapa kuna jambo lililonichekesha. Kama ruta mbili zimekubaliana mapema kutumia utaratibu wa kuanza upya kwa upole, RFC 4724 wa mwaka 2007, jirani akiona mlango umefungwa ghafla bila kwaheri, anazihifadhi njia zako kwa muda akiamini utaamka. Ukiaga vizuri kwa ujumbe, chini ya kanuni ile anazifuta. Kwa hiyo anayeondoka bila adabu anawekewa chakula, anayeaga anaondolewa sahani. Ukifikiri kidogo utaona mantiki: aliyeaga amesema anaondoka, aliyeanguka huenda ameteleza tu.

Kwenye FRR kuna kichekesho kingine. Uliwahi kuua bgpd kwa -9 ukaikuta iko hai na namba mpya? Mimi niliiua mara tatu nikidhani nimekosea kuandika. Kumbe ukooni kuna mlinzi, watchfrr, kazi yake ni kuwachungulia wenzake na kumfufua aliyekufa. Ukitaka kweli izimwe, mwambie systemd, usipambane na mlinzi.

Jaribio lililonifundisha zaidi ni kill -STOP. Hii haiui, inagandisha. Kwa Kiswahili tuna bahati, tuna kuzima, kusimamisha na kuua, na kila moja ina ishara yake. Nilipoigandisha bgpd, mlango wa TCP ulibaki wazi, maana keneli iliendelea kupokea na kuitikia. Jirani alimwona mwenzake yupo, ila kanyamaza. Kanuni ya BGP, RFC 4271, inapendekeza jirani avumilie ukimya kwa sekunde 90. Ruta za Cisco kwa kawaida huja na 180. Muda huo wote pakiti za watumiaji zilipita kama kawaida, kwa sababu anayezisukuma ni keneli, si bgpd. Kisha zile sekunde zikaisha, jirani akakata tamaa, njia zote zikafutwa kwa mpigo. Mtu akikupigia simu kwamba "mtandao ulikuwa mzuri dakika tatu baada ya ile hitilafu, kisha ukafa", anasema kweli, msimbishie. OSPF ina haraka zaidi: kwa mipangilio ya kawaida inasalimia kila sekunde 10 na kumtangaza jirani kuwa amekufa baada ya 40.

Umeme ukikatika ni hali nyingine tena. Keneli nayo imekufa, hakuna wa kufunga mlango. Kama waya wenyewe unaonyesha umezimika, jirani anajua upesi. Kama katikati kuna vifaa vya kampuni ya mawasiliano vinavyoendelea kuwaka, jirani anabaki anaongea na ukuta mpaka sekunde zake ziishe.

Kuwasha nako kuna mitego, ingawa midogo. Ule mwandiko wa kijani wa systemd unaosema active (running) una maana moja tu: prosesi ipo. Haisemi kama imepata majirani. Nenda ndani ya FRR kwa vtysh uangalie show bgp summary, na hapo kuwa macho, kwa sababu neno Active kwenye safu ya hali ya BGP maana yake ni kwamba bado inahangaika kuunganishwa. Nilimripotia Injinia mara moja kwamba "jirani yuko Active, tuko vizuri". Alinitazama kama nimemwambia mgonjwa yuko mochwari, anaendelea vizuri. Ukimkuta jirani ameunganishwa, mahali pa neno hilo utaona idadi ya njia alizokupa.

Msidhani haya ni ya wanafunzi wa field tu. Tarehe 4 Oktoba 2021 mnakumbuka WhatsApp, Instagram na Facebook zilivyopotea zote, ilikuwa kama saa 12 na dakika 40 jioni kwa saa zetu, zikakosekana kwa takriban saa sita. Hosteli watu walikuwa wanazima simu na kuziwasha. Maelezo ambayo kampuni yenyewe iliyatoa baadaye ni kisa changu kilichokuzwa: kwenye matengenezo ya kawaida ilitolewa amri ya kupima uwezo wa mtandao wao wa uti wa mgongo, amri hiyo ikaangusha viungo vyote vya uti huo duniani, na chombo cha kukagua amri kilichopaswa kuizuia kilikuwa na kasoro, kikaipitisha. Kisha ikaja sehemu inayonivutia mimi. Seva zao za DNS zilipangwa zijitoe zenyewe: zikiona haziwezi kuvifikia vituo vya data, zinaacha kujitangaza kwa BGP, kwa dhana kwamba hitilafu iko kwao. Kwa seva moja au mbili ni utaratibu mzuri kabisa. Siku ile zote zilikosa uti wa mgongo kwa pamoja, zote zikajitoa. Prosesi za DNS zilikuwa hai, zinafanya kazi, na dunia nzima haikuwa na njia ya kuzifikia.

Na vifaa vya mafundi vya kurekebisha vilitegemea mtandao uleule. Ikabidi watu waende kwa miguu yao kwenye vituo vya data, ambavyo vimejengwa makusudi viwe vigumu kuingilika. Hata walipoingia, hawakuweza kuwasha kila kitu mara moja. Matumizi ya umeme yalikuwa yameshuka kwa makumi ya megawati, na kuyarudisha ghafla kungehatarisha mifumo ya umeme na mingine pia. Wakawasha kwa awamu. Hata BGP yenyewe imelifikiria hili kwa kiasi kidogo: kanuni inataka vipima muda vyake vichanganywe na bahati nasibu kidogo, kati ya asilimia 75 na 100 ya muda uliowekwa, ili ruta zisipige hodi zote kwa sekunde ileile.

Baada ya kisa changu Injinia alinifundisha anavyofanya yeye, na sijaona njia bora. Kwanza, usiandike stop halafu start. Andika restart. Amri hiyo inabebwa yote na systemd aliye huko huko kwenye ruta, na wewe ukikatika katikati yeye anaendelea. Pili, kama kazi ina hatua nyingi, fungua tmux kwanza. SSH ikifa, terminali yako ya mbali inafungwa, na prosesi ulizoziacha humo zinapewa ishara namba 1, SIGHUP, jina lililobaki tangu enzi za kukata simu, na nyingi zinakufa nusu ya kazi. Ndani ya tmux zinaendelea, ukirudi unazikuta.

Tatu, na hii ndiyo aliyoniandikisha kwenye kitabu cha field: kabla ya kugusa, tega amri ya kujiokoa. Kwa mfano:

systemd-run --on-active=5min systemctl start frr

Dakika tano baadaye ruta itajiwasha FRR yenyewe, uwepo usiwepo. Ukifanikiwa mapema, unaifuta. Watu wa Cisco wana reload in 10, ruta inaanza upya na mipangilio iliyohifadhiwa usipowahi kuifuta. Wa Juniper wana commit confirmed, ambayo kwa kawaida inarudisha mipangilio ya zamani baada ya dakika 10 usipothibitisha. Tofauti ya zana, akili ni moja. Mabadiliko ya kwenye faili pekee mara nyingi hayahitaji hata kuzima: systemctl reload frr inalinganisha faili na hali ilivyo na kubadilisha kilichopishana tu. Mstari wangu wa siku ile ulikuwa kwenye faili la kuchagua prosesi zipi ziwashwe, linalosomwa FRR inapoanza, ndiyo maana Injinia alisema nizime na kuwasha.

Wiki iliyofuata aliniachia tawi lingine, la mbali zaidi. Nilitega dakika tano, nikafungua tmux, nikaandika restart, na kioo kikaganda kama siku ile. Nikaanza kuhesabu. Kwenye sekunde ya hamsini na kitu mstari wa amri ukarudi. Nikamfuta mlinzi wangu wa dakika tano, nikaandika enable, kisha nikampigia mama wa lile tawi la kwanza kumuuliza kama printa yao ilipona.